Kisima Kihambani: Kinachooteshwa Hasa kwa Mgonjwa wa Parkinson

Sauti ile ya WhatsApp ilinifikia mara tatu siku moja. Asubuhi kwenye kundi la ukoo, mchana kwenye kundi la jumuiya, na jioni akanitumia baba mkubwa mwenyewe kutoka Machame. Anayezungumza ana sauti nzito ya kujiamini. Anasema Wajapani na Wamarekani wamefaulu kuotesha upya neva za ubongo, kwamba ugonjwa wa kutetemeka sasa unapona, na kwamba unga wenye "seli shina" umeshafika Moshi mjini, kopo shilingi 180,000, dozi makopo matatu. Chini yake baba mkubwa aliandika: "Mwanangu, hii ni kweli? Niuze ndama?"

Kuhusu ndama nilimjibu papo hapo: "Shikamoo baba. Ndama asiuzwe kwanza." Kuhusu ukweli ilinichukua siku kadhaa kupanga jibu, maana ile sauti haikuwa uongo mtupu. Mwezi Aprili 2025 jarida la sayansi la Nature lilichapisha ripoti mbili, moja kutoka Kyoto, Japani, nyingine kutoka Marekani na Kanada, za wagonjwa wa Parkinson, ndio huo ugonjwa wa kutetemeka, waliopandikizwa seli mpya ubongoni. Hilo lilitokea kweli. Unga wa kwenye kopo ni habari nyingine kabisa, isipokuwa tu umedandia gari hilohilo.

Sehemu ya fujo inaletwa na lugha yetu wenyewe. Neno "mshipa" tumelibebesha mizigo mingi mno. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, kano la mguuni fundi wa kuchua ataliita mshipa, na mzee mwenye ngiri naye "ana mshipa". Basi ukiambiwa mishipa ya fahamu imeota upya, akili inachora mabomba: lilikuwa limeziba, limezibuliwa, maisha yaendelee. Kwa hiyo humu nitashika maneno matatu na sitayaachia.

Niuroni ni seli moja ya mfumo wa fahamu. Ina kiwiliwili kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, na mkia unaoweza kuwa mrefu ajabu. Niuroni zinazochezesha vidole vya miguu yako viwiliwili vyake viko kwenye uti wa mgongo, na mikia inashuka hadi unyayoni. Neva ni fungu la mikia hiyo, kama kamba ya katani iliyosokotwa nyuzi nyingi. Dopamini ni kemikali ambayo baadhi ya niuroni huitoa kwenye ncha za mkia kupitisha ujumbe kwa seli inayofuata.

Dopamini vijana wa mjini wanaijua kwa jina la "homoni ya raha". Utasikia mtu anazima simu wikiendi nzima eti anapunguza dopamini. Kemikali ni hiyohiyo, ila ubongoni ina njia zaidi ya moja. Njia moja inahusika na hamu na tuzo. Nyingine, inayotuhusu hapa, inahusika na kuanzisha mwendo: kunyanyuka kitini, kufunga kifungo cha shati, kupiga hatua ya kwanza. Kijana anayekesha kwenye simu ana matatizo yake, lakini Parkinson haitoki huko.

Baba mkubwa alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Daftari zake za zamani bado ziko kabatini, na mwaka juzi nilizipitia moja baada ya nyingine. Kurasa za mwanzo zina herufi kubwa za mviringo: jina la mkulima, kilo, sahihi. Halafu, kama miaka minne kabla mkono wake wa kulia haujaanza kutetemeka, mstari unaanza vizuri na kuishia na herufi kama vichwa vya pini. Kadiri mkono ulivyosafiri kuelekea kulia ndivyo maandishi yalivyosinyaa. Wenzake walidhani anabana karatasi. Miaka hiyohiyo mama mkubwa alikuwa akilalamika kwamba mzee haoni tofauti kahawa ikikaangwa jikoni na ikiungua, pua haifanyi kazi, na usiku anapiga mateke usingizini kama anayepigana na mtu. Kulikuwa pia na choo kigumu kisichoisha. Hakuna aliyeviunganisha vitu hivyo, na kwa kweli nani angeviunganisha? Lakini vyote ni dalili zinazoweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu hauanzii mkononi. Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817 kwa kuangalia tu watu wanavyotembea na kutetemeka. Ilibidi kusubiri karne nzima na zaidi ndipo ikajulikana ni nini kinachoharibika. Ndani ya shina la ubongo kuna vipande viwili vidogo vya rangi nyeusi, kimoja kila upande. Madaktari wakiukata ubongo wa marehemu, weusi huo unaonekana kwa macho. Kwa aliyefariki akiwa na Parkinson, umepauka. Hapo ndipo zinapokaa niuroni za dopamini za mwendo. Zinakadiriwa kuwa kati ya 400,000 na 600,000 kwa pande zote mbili. Usiione namba hiyo kubwa: ubongo mzima una niuroni kama bilioni 86. Ni kama mafundi wachache wanaoendesha umeme wa nchi nzima.

Kwa mtu wa Kilimanjaro hakuna mfano mzuri kuliko mfongo. Wazee walichimba mifereji kutoka kwenye mabanio ya mito huko juu karibu na msitu, ikashuka ikifuata migongo ya vilima, ikagawanyika na kugawanyika tena hadi kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kikapata zamu yake. Vile vipande vyeusi ndiyo chemchemi na banio. Kihamba ni eneo jingine la ubongo, mbele na juu kidogo, linaloitwa striatamu, ambako mwendo hupangwa. Maji ni dopamini. Na kila niuroni moja ni chemchemi yenye mfongo wake.

Umbali kutoka banio hadi kihamba ni sentimita chache tu. Kinachoshangaza ni matawi. Watafiti wanakadiria kwamba mkia wa niuroni moja ya dopamini ya binadamu, ukiunganisha matawi yake yote, unazidi mita 4, na unagusana na seli nyingine katika sehemu zaidi ya milioni moja. Seli moja isiyoonekana kwa macho inahudumia mtandao huo mchana na usiku kwa miaka 70. Wengi wanadhani mzigo huo ni sababu mojawapo ya niuroni hizi kuchoka na kufa mapema kuliko jirani zake. Sababu nyingine ni protini inayoitwa alfa-sinuklini, ambayo hujikunja vibaya na kuganda mabonge ndani ya seli. Uhusiano wake na ugonjwa huu ulifahamika mwaka 1997. Kemikali fulani za kuulia magugu na wadudu zimehusishwa pia na hatari ya kuugua, na wachache hurithi. Kwa wagonjwa wengi ni mchanganyiko wa mambo, na umri ndani yake.

Kihamba hakikauki siku chemchemi ya kwanza inapokufa. Zilizobaki zinajitahidi, zinatoa maji mengi zaidi, na mtu haoni kitu. Dalili za mwendo huonekana pale ambapo inakadiriwa nusu ya niuroni hizo au zaidi zimeshakwenda. Ndiyo maana familia nyingi husema "ilimjia ghafla", wakati daftari la mizani linasema vingine.

Sasa tuje kwenye kuota.

Ukikata mti wa kahawa ukaacha kisiki, unachipua. Shina limekwenda, mizizi ipo. Neva ya mkononi inafanana na hiyo. Kijana wa bodaboda anaanguka, neva inakatika juu ya kiwiko, kiganja kinalegea. Kilichokatika ni mikia; viwiliwili vya niuroni viko salama kwenye uti wa mgongo au kando yake. Ncha zikikutanishwa vizuri na daktari wa upasuaji, mikia huanza kuota upya ikifuata ala ya zamani, kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku. Piga hesabu: sentimita 30 hadi kiganjani ni miezi 10. Inachosha kusubiri, na mara nyingi hairudi yote, lakini huko ni kuota kwa kweli. Mtu aliyeona jambo hilo kwa kijana wa jirani hana sababu ya kutoamini kwamba neva zinaota.

Mgomba nao ni namna nyingine. Ukishazaa unakatwa, hauchipui, ila pembeni kuna machipukizi yanayoshika nafasi. Ngozi na damu ndivyo zinavyofanya. Seli zinakufa kila siku, na zipo seli maalumu, machipukizi ya mwili, zinazojigawa na kuzaa mpya. Hizo ndizo seli shina. Kwenye uboho wa mifupa yako zinafanya kazi sasa hivi unaposoma.

Niuroni ya dopamini haifanani na kahawa wala mgomba. Ni mnazi. Mnazi ukikatwa kichwa umekufa; hauna chipukizi pembeni, na kisiki hakitoi kitu. Katika Parkinson kinachokufa ni niuroni nzima, kiwiliwili na mkia, na hakuna akiba ya kuziba pengo. Isitoshe ndani ya ubongo na uti wa mgongo mazingira yenyewe yanazuia mikia kuota: kuna protini zinazoiambia isimame, na kovu linalofunga njia. Mhispania Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kuchora niuroni kwa uzuri ambao hadi leo unastaajabisha, aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima kila kitu chaweza kufa na hakuna kinachoweza kuzaliwa upya. Watu hupenda kuishia hapo. Yeye aliendelea, akasema ni kazi ya sayansi ya baadaye kuibadili hukumu hiyo kali, kama inawezekana.

Kwa hiyo mtu akikuambia "neva zinaota", muulize: kama kahawa, kama mgomba, au umepanda mnazi mpya? Wajapani na Wamarekani wa kwenye ile sauti hawakuotesha chochote kilichokufa. Walipanda.

Na hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1987 huko Lund, Uswidi, madaktari walianza kuwapandikiza wagonjwa seli changa za dopamini zilizotoka kwenye vijusi vya mimba zilizotolewa. Baadhi yao walipata nafuu ya kushangaza na wakaishi nayo miaka. Wengine hawakupata kitu. Ndipo Marekani wakafanya jaribio ambalo mimi huliwaza mara kwa mara. Wagonjwa 40 walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu: nusu wapandikizwe seli, nusu watobolewe fuvu tu, bila kuwekewa chochote, na mgonjwa asijue yuko kundi gani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Wagonjwa walipojipima wenyewe jinsi wanavyojisikia, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Wenye umri wa miaka 60 kushuka chini waliopandikizwa walionyesha nafuu fulani madaktari walipowapima, na baadhi ya waliopandikizwa baadaye wakapata mijongeo ya mwili wasiyoweza kuizuia, maji yamekuwa mengi mahali yasipotakiwa.

Kwa nini kutoboa fuvu bure? Kwa sababu matumaini yenyewe ni dawa katika ugonjwa huu, na si kwa namna ya mafumbo. Mwaka huohuo 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa wa Parkinson akichomwa maji ya chumvi huku anaamini huenda ni dawa, niuroni zake zilizobaki hutoa dopamini zaidi. Sasa rudi kwenye ushuhuda: "Nilikunywa kopo la kwanza, siku ya tatu nikasimama mwenyewe." Siwezi kumwita mtu huyo mwongo. Huenda alisimama kweli. Ila kilichomsimamisha ni dopamini yake mwenyewe iliyochokonolewa na imani, na haidumu.

Yaliyotokea mwaka 2025 yametofautiana na yale ya zamani hasa kwenye mbegu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya, iliyokwisha kukomaa, inaweza kurudishwa ikawa changa kama ya kiinitete, kisha ikaelekezwa kuwa seli ya aina nyingine. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Nobel. Ni kama kulichukua tawi kavu la mti na kulirudisha kuwa mbegu. Kwa njia hiyo timu ya Kyoto ikatengeneza maabara niuroni changa za dopamini kutoka kwa mtu mmoja mwenye afya, ikazipandikiza kwa wagonjwa 7 wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Wakafuatiliwa miezi 24. Hakuna aliyeota uvimbe, na hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa kuliko yote, kwa kuwa seli changa ikikataa kukomaa inaweza kuendelea kujigawa bila breki. Kati ya wagonjwa 6 waliopimwa nafuu, 4 walikuwa bora kuliko mwanzo walipopimwa bila dawa mwilini. Timu ya Marekani na Kanada ilitumia seli shina za kiinitete kwa wagonjwa 12, ikawafuatilia miezi 18, na picha zikaonyesha seli zimeshika na zinafanya kazi. Waliopewa dozi kubwa walionyesha nafuu zaidi ya waliopewa ndogo.

Hapa kuna jambo ambalo ile sauti haikulisema na mimi ndilo lililonifungua macho. Seli hizo hazikupandikizwa kule kwenye vipande vyeusi, kwenye chemchemi. Ziliwekwa striatamu, mwisho wa mfongo. Sababu ni ileile: mkia mpya hauwezi kuvuka ubongo wa mtu mzima kutoka banio hadi shambani, njia imefungwa. Basi wakaacha kuufukua mfongo wa zamani, wakachimba kisima katikati ya kihamba.

Mkulima yeyote anaona faida na kasoro papo hapo. Maji yapo karibu, mazao yanarudi rangi. Lakini kisima hakijui zamu. Banio lilikuwa linafunguliwa na kufungwa kwa ujumbe kutoka kila upande wa ubongo. Kisima kinatoa tu. Tena kipo kihamba kimoja. Kunusa, tumbo, usingizi, huzuni, na kumbukumbu inayofifia kwa baadhi ya wagonjwa miaka ya baadaye, hayo yana mifongo mingine ambayo nayo inakauka, na kisima hiki hakiyafikii. Na udongo wenyewe bado mgonjwa: mwaka 2008, wataalamu waliochunguza bongo za watu waliopandikizwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kufariki, walikuta yale mabonge ya protini yameanza kuingia hata kwenye seli za kigeni. Si zote, na polepole. Lakini yaliingia.

Kuna pia kwamba majaribio haya mawili ya 2025 hayakuwa na kundi la kutobolewa bure. Yalilenga kwanza kujua kama ni salama. Ukishaisoma habari ya 2001, unaelewa kwa nini watafiti wenyewe wanaongea kwa tahadhari kuliko mwenye ile sauti ya WhatsApp. Jaribio kubwa lenye kundi la kulinganisha lilianzishwa mwaka huohuo 2025 huko Marekani.

Wengine wamejaribu mbolea badala ya kupanda. Kuna protini iliyogunduliwa mwaka 1993, inaitwa GDNF kwa kifupi, ambayo maabara huzifanya niuroni za dopamini ziwe na nguvu na kuotesha mikia. Bristol, Uingereza, waliipitisha kwa mirija midogo moja kwa moja hadi ubongoni. Matokeo ya mwaka 2019: picha zilipendeza, lakini kwa kipimo kikuu cha jaribio, waliopewa dawa hawakuwapita waliopewa maji. Na mwaka 2020 ilitangazwa kwamba seli za usaidizi ndani ya ubongo wa panya zimegeuzwa kuwa niuroni za dopamini. Furaha ilikuwa kubwa. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaweka alama makini zaidi kwenye seli kabla ya kuanza, wakakuta niuroni zilizodhaniwa mpya zilikuwepo tangu mwanzo. Ni sawa na kusema magugu yamegeuka mahindi, kumbe mahindi yalikuwa yamejificha humohumo.

Unga wa kopo sasa. Hata tukubali kwamba ndani mna seli shina hai, jambo ambalo haliwezekani kwa kitu kinachokaa rafuni kwenye joto la Moshi, ukikoroga ukanywa, tumbo linazimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama choma. Wale wa Kyoto walitobolewa fuvu na sindano ikaongozwa na picha hadi mahali panapopimwa kwa milimita, na wakanywa dawa za kuzuia mwili usizikatae seli za mgeni. Kama ingewezekana kwa kijiko na maji ya uvuguvugu, wangefanya hivyo, ni rahisi zaidi.

Hata dopamini yenyewe ukiimeza haifiki. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wenye walinzi wakali, na dopamini hairuhusiwi kupita. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini yao, wakalala kama waliokufa macho wazi. Akawachoma malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, levodopa, na muda mfupi baadaye sungura wakaanza kurukaruka. Mwaka 1960 huko Vienna ikaonekana kwamba wagonjwa wa Parkinson wameishiwa dopamini striatamu, na mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha namna ya kutoa levodopa ya kumeza kwa dozi inayofaa. Ukuta unaiachia kwa sababu inafanana na vipande vya protini ya chakula, inapita lango lao. Ikishaingia, niuroni zilizobaki zinaipika kuwa dopamini. Siku hizi huchanganywa na kabidopa ili isipikwe njiani na kumtapisha mgonjwa.

Kwa kuwa lango ni moja, kuna foleni. Mzee akimeza kidonge pamoja na sahani ya kiburu, ndizi na maharage, protini ya maharage inagombania lango na dawa inachelewa. Baba mkubwa alilalamika mwaka mzima kwamba "vidonge vya siku hizi si vizuri", kumbe alikuwa akivimeza katikati ya chakula, kama alivyozoea dawa za tumbo. Kumeza nusu saa hadi saa moja kabla ya kula kulibadilisha asubuhi zake.

Levodopa haioteshi kitu na haizuii niuroni kuendelea kufa. Baada ya miaka kadhaa huanza kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, na inaweza kuleta mijongeo isiyotakiwa. Ni maji ya kubeba kwa ndoo. Lakini ndoo inafika shambani leo, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwetu wengi hawajawahi kuiona. Hili tunalijua kwa sababu lilipimwa hapahapa: watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, katikati ya Moshi na Arusha, kati ya watu 161,071, wakapata wagonjwa wa Parkinson 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ripoti ilitoka mwaka 2008. Ukikaa na familia utasikia majina mengine: uzee, kurogwa, mbege nyingi za ujanani, laana ya shamba la mirathi. Na ukweli mwingine ni kwamba si kila anayetetemeka ana Parkinson. Mkono unaotetemeka unaponyanyua kikombe mara nyingi ni tatizo tofauti. Wa Parkinson hutetemeka zaidi ukiwa umetulia pajani, na mwendo unakuwa mzito. Zipo pia dawa zinazoleta hali inayofanana nayo au kuizidisha, kama haloperidoli ya magonjwa ya akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kwa hiyo daktari aonyeshwe kila kidonge kinachomezwa, pamoja na vile vya mfuko usio na jina.

Wauza mitishamba wana hoja moja yenye uzito, nao ni upupu. Ndiyo, upupu uleule tuliopakana shuleni. Manyoya ya ganda yanawasha, lakini mbegu ndani zina levodopa halisi, karibu asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Bolivia, mwaka 2017, wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu hizo dozi moja chini ya uangalizi, na ulifanya kazi kwa kulingana na vidonge. Kisha wagonjwa 14 wakafuatiliwa kwa wiki 16, na 7 wakaacha, wengi kwa sababu ya tumbo. Mbegu hazilingani, kijiko cha leo si cha kesho, na mtu akichanganya na vidonge bila daktari kujua anazidisha dozi ileile mara mbili. Lakini nikilazimishwa kuchagua kati ya muuza upupu na muuza kopo, angalau wa kwanza ana kitu ndani.

Nilimweleza baba mkubwa yote haya kwa simu, mara nyingine kwa mfano wa mfongo, mara nyingine nikikosea na yeye akinirekebisha habari za zamu ya maji. Mwishoni akauliza kama kisima hicho atachimbiwa yeye. Nikamwambia ana miaka 74, wa Kyoto walikuwa wadogo kwake, na hata huko bado wanajaribu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wachimbe vizuri."

Ndama sasa ni mtamba. Baba mkubwa anameza kidonge saa kumi na mbili asubuhi, anakaa barazani hadi saa moja, ndipo anakula. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari, ameandika majina ya wajukuu kwa mstari mmoja kujipima. Herufi ni kubwa hadi jina la tano.